Stelingi wa Miaka 10 Sebuleni Nkuhungu

Katuni ipimwe kwa watoto wasiojua lugha inayosemwa ndani yake. Hao hawadanganywi na maneno. Wakichoka, wanachoka hadharani: mmoja anaanza kuvuta uzi wa zulia, mwingine anauliza kama maharage yameiva, na wewe msimuliaji unajua papo hapo kwamba sehemu hiyo ya hadithi imekufa.

Nasema hivyo kama mtu mwenye cheo. Pale Nkuhungu, Dodoma, wapwa zangu na watoto wa majirani wananiita Anko DJ, ingawa sina hata spika ya maana. Jumamosi mchana nakaa pembeni ya televisheni ya dada yangu, sauti ya televisheni inapunguzwa, yangu inapanda, na lolote linalosemwa kwa Kiingereza linatokea kwangu kwa Kiswahili. Bibi yao, mama mkwe wa dada, hukaa mlangoni akichambua mlenda. Mgongo ameigeuzia televisheni, lakini masikio yote yako kwetu.

Kazi yenyewe ina ukoo. Waliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyeshea video, wanalikumbuka jina la Lufufu, aliyejizolea sifa Dar es Salaam kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake mwenyewe ikibeba mzee, binti, polisi na jambazi. Kwetu Kongwa kibanda kilikuwa cha mabati, jenereta linanguruma nje, mabenchi hayana mgongo. Msimuliaji wetu alituachia kanuni ambazo hadi leo naweza kuziapia: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi, adui mkubwa hafi mapema, na ukiona stelingi anapigwa sana ujue picha inakaribia kuisha. Stelingi wa enzi zile alikuja akiwa ameshaiva. Baba yake ameuawa kabla hata majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, yeye tayari kifua kipana na kisasi moyoni. Kitu kimoja tu hatukuwahi kumwona nacho, nacho ni kutojua.

Ndiyo maana kipindi cha kwanza cha Ben 10 kilinishangaza kwa namna kilivyowashika wale watoto. Katuni yenyewe ni kubwa kwa umri kuliko wao wote. Ilibuniwa na kundi la waandishi wanne wa Marekani wanaojiita Man of Action, na Cartoon Network ilianza kuionyesha mwishoni mwa Desemba 2005. Ben Tennyson ana miaka 10. Shule zimefungwa, anasafiri na babu yake, Max, kwenye gari ambalo ndani ni nyumba kabisa, lina vitanda na jiko. Yupo pia Gwen, binti wa ndugu wa baba yake, rika lake, na hawaelewani hata kwa dakika moja. Watoto wangu hapo hawakuhitaji msimuliaji. Ndugu wawili wanaogombana kiti cha nyuma na babu anayewacheka wanawajua vizuri.

Usiku, kitu kinaanguka kutoka angani hadi msituni. Ben amenuna, ametembea peke yake, anakifuata. Ndani yake kuna kifaa mfano wa saa ya mkononi, na kabla hajakigusa sawasawa kinamrukia na kujifunga. Anavuta, hakitoki. Anachokonoa kwa kijiti, hakitoki. Basi, mtoto ni mtoto: anabonyeza. Mwili mzima unageuka moto. Si kwamba anaungua. Yeye mwenyewe ndiye moto, kichwa kinawaka, vidole vinawaka. Na kazi ya kwanza kabisa ya shujaa huyu mpya, kabla hajaokoa mtu wala kupiga adui, ni kuwasha msitu bila kukusudia.

"Kafanyaje?"

"Kachoma msitu."

"Stelingi?"

"Ndiyo, stelingi."

Sebule nzima ilisogea mbele. Binti mmoja wa darasa la nne, ambaye mama yake anauza ubuyu karibu na kituo cha bajaji, akauliza swali ambalo kule kibandani Kongwa lingemfanya atolewe nje: "Sasa adui ni nani hapa?" Sikumjibu. Hilo nililielewa mapema katika usimuliaji wa watoto: kuna maswali ambayo ukiyajibu unawanyang'anya kazi. Kwenye kibanda cha watu wazima msimuliaji analipwa ili asinyamaze. Sebuleni, kunyamaza ni sehemu ya kutafsiri. Ben anapoiangalia mikono yake inayowaka na hajui aicheke au ailie, hakuna neno la Kiswahili litakaloongeza kitu pale. Nakohoa, nakunywa maji, nawaacha.

Basi nikaanza kuwatazama watoto badala ya kutazama katuni. Nilidhani watasogea kwenye televisheni wakati wa mapigano. Wapi. Mapigano waliyaangalia wakiwa wamejilaza, mmoja na kichwa kwenye mto, mwingine anakula ubuyu. Walisogea pale shujaa alipokuwa hajui afanye nini. Na walisogea tena pale nguvu zilipomwishia. Saa ya Ben ina kikomo: baada ya muda inalia, inageuka nyekundu, na yule kiumbe wa moto anarudi kuwa mtoto mdogo mwenye fulana, amesimama katikati ya balaa. Yule binti wa ubuyu alikuwa wa kwanza kupiga kelele:

"Luku imeisha!"

Tangu siku hiyo, katika sebule ile, hakuna kitu kinachoitwa mwisho wa nguvu. Kuna Luku, kama ule umeme wa kununua kabla ya kutumia. Saa ikibadilika rangi wanaimba wote, "Luku! Luku!", na mpwa wangu mdogo anakimbia kugusa mita ukutani, eti anamwongezea. Mimi ningehangaika na maelezo ya kifaa cha viumbe wa anga za mbali mpaka jioni. Yeye alimaliza kwa maneno mawili.

Sasa kuhusu ule moto. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitegemea, na halikutoka kwangu. Kuna kijana wa miaka 11 anayekaa kwa shangazi yake nyumba ya pili, ameletwa kutoka Bahi asome. Kwao ni wafugaji. Ni mkimya, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kigogo na wenzake walikuwa wakimcheka kidogo. Kwenye katuni, babu Max anafika, anamtambua mjukuu wake ndani ya yale maumbile, hagombi, hapigi kelele. Anamwambia awashe moto mwingine, uende ukakutane na ule wa kwanza, vyote viwili vizimike. Watoto wa mjini wakacheka. Moto unazimwa kwa moto? Anko leo umetafsiri vibaya.

Yule wa Bahi akasimama. Akasema babu yuko sawa. Akaeleza, polepole, kwamba kiangazi nyasi zikikauka na moto ukaja na upepo, humwagii maji. Maji yenyewe ya kunywa ng'ombe hayatoshi, utayatoa wapi ya kuzimia nyika? Unatafuta mahali pasipo na nyasi, njia ya ng'ombe au barabara. Unasimama hapo, unawasha upande ule moto unakotokea, na watu wanapanga mstari na matawi mabichi nyuma yako kupiga cheche zinazoruka. Moto wako unakula nyasi taratibu kuelekea kwa mwenzake. Wakikutana hakuna cha kula tena. "Lakini mtoto haruhusiwi kuwasha," akamalizia. "Anawasha mkubwa. Mtoto anashika tawi."

Yeyote aliyeishi Dodoma anajua kijana huyu alikuwa anazungumzia nini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima hazifiki sana zaidi ya milimita 600. Kuanzia Juni nchi nzima ya kati inakauka, upepo wa mashariki unavuma, na kijinga kimoja kilichosahaulika shambani kinatosha. Mtoto aliyechunga ng'ombe huko ana elimu ya moto kuliko mimi na diploma yangu. Kuanzia pale hakuna aliyecheka lafudhi yake, na kila panapotokea moto, jangwa au mnyama kwenye katuni, macho yanageukia kwake kwanza, halafu ndiyo kwangu. Msimuliaji nimepata msaidizi.

Bibi naye, bila kugeuka, akatoa hukumu yake kutoka mlangoni: "Huyo mzee ana akili. Angeanza na viboko, moto ungezimwa na nani?"

Maneno ya Bibi nimeyatafuna sana. Watengenezaji wa hadithi hizi wamekuwa na tatizo moja tangu zamani: mkubwa wamweke wapi. Mtoto anayegeuka kuwa shujaa si jambo geni. Mwaka 1940 vitabu vya katuni vya Marekani vilikuwa tayari na Billy Batson, mvulana anayetamka neno moja na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu za ajabu. Mwaka 1962 akaja Spider-Man, mwanafunzi wa sekondari aliyeumwa na buibui. Njia rahisi ni kumwondoa mzazi kabisa: yatima, au wazazi wako kazini, au hawajui lolote. Kule kwenye gari la babu Max walichagua njia ngumu zaidi. Mkubwa yupo, ameona, amejua, na bado mtoto ndiye anayebaki na saa. Baadaye kwenye mfululizo tunakuja kujua kwamba mzee mwenyewe ana mengi aliyokuwa ameyaficha. Lakini hata kabla ya hapo, watoto wetu hawakuuliza kuhusu silaha wala kuhusu adui aliye angani. Waliuliza kama mama yake Ben ameambiwa. Kila mara. "Mama yake anajua?" Katika ukoo wa Kitanzania jambo kubwa namna hiyo likimpata mtoto na mama hajui, hapo ndipo hadithi ya kutisha inapoanzia.

Kuna mama mmoja jirani, mtu mwema sana, ambaye akipita kumchukua mwanawe hunisihi niwe nachomeka mafundisho. "Waambie basi wasiokote okote vitu, Anko." Namwelewa. Mtaani kuna betri mbovu, sindano, vyuma chakavu. Ila nikichomeka, nawapoteza. Macho yanakufa saa ileile, nimeliona kwa watoto wengine wakiletewa katuni ambazo kila dakika tano kuna mtu mzima anasimama kueleza maana. Kuokota kwa Ben kuna gharama ndani ya hadithi yenyewe: msitu umeungua, kitu kimeng'ang'ania mkononi na hakitoki tena. Mtoto wa miaka saba anaona. Mama jirani hajakubaliana nami, na mwanawe bado anakuja.

Ikaja siku umeme ukakatika katikati ya kipindi hichohicho, walikuwa wameomba kukirudia. Roboti kubwa limefika kambini, linapasua magari, Ben anabonyeza saa, na pyuu, kioo cheusi. Ukimya. Halafu: "Malizia, Anko!"

Nikamalizia kwa mdomo. Ben amegeuka kiumbe mwenye mwili wa almasi, roboti linamrushia mwali, mwali unagonga mwili ule na kurudishwa ulikotoka. Sauti za milipuko walitoa wenyewe, na za bure zilikuwa nzuri kuliko za kwenye televisheni. Kipindi kikaisha na umeme haujarudi. Jua la saa tisa, mabati yanalia, hakuna anayetaka kwenda kwao.

Ndipo nikawapa nunda mla watu. Hadithi hii ya Kiswahili ilishaandikwa vitabuni tangu 1870, alipoichapisha Edward Steere pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, na ni ya zamani kuliko hapo. Sultani ana paka wake. Paka anakula kuku, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Anakula mbuzi, jibu lilelile. Anakula ng'ombe. Anakula watoto wa watu. Anapokula watoto wa sultani mwenyewe, mji umeshakuwa mahame na paka amekuwa nunda. Anayekwenda kumtafuta ni kitindamimba, ambaye hajawahi kumwona huyo nunda.

Ninachokipenda ni kwamba dogo huyu hajui. Anaua mbwa, anamburuta nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda. Mama yake dirishani anamjibu kwa wimbo: mwanangu, siye huyo. Anaua pundamilia. Siye. Twiga. Siye. Kifaru, tembo, siye, siye, mwanangu, nunda ni mkubwa kuliko huyo. Mama anamsihi asiende tena, na asubuhi anakwenda. Kila mara anarudi na mzoga mkubwa zaidi, mikono imekomaa zaidi, mpaka siku anapokutana na nunda mwenyewe, tayari ameshajifunza kuua kwa kuua wasiohusika.

Niliwafundisha kiitikio. Nikawa kijana, wao wakawa mama. "Siye huyo!" ikawa inasikika hadi kwenye duka la pembeni. Yule wa Bahi, kama kawaida yake, alikuwa na neno: "Sasa twiga kakosa nini?" Kweli, twiga hakukosa kitu. Na msitu wa Ben haukukosa kitu. Binti wa ubuyu akaunganisha bila kusukumwa: kumbe huyu wa paka na yule wa saa wote wanaanza kwa kuharibu. Umeme uliporudi, hakuna aliyeomba turudi kwenye televisheni mpaka tembo alipomaliza kuburutwa.

Nisifanye sebule ya dada ionekane chuo kikuu. Wiki moja baadaye mpwa wangu mdogo alionekana juu ya ukuta wa choo cha nje, taulo shingoni, anahesabu. Tulimshusha. Bibi, ambaye hekima yake kuhusu viboko inawahusu zaidi babu wa kwenye katuni, alishaanza kutafuta fimbo ya mpera. Mimi nikachukua daftari kuukuu, kwenye pembe ya kila karatasi nikachora kijitu kinachoruka, kila ukurasa kimesogea kidogo. Ukizichezesha kurasa kwa kidole gumba, kijitu kinapaa. Halafu nikampa penseli mpwa wangu, nikamwambia amchoree mwenzake anayetua.

Ile ndiyo nguvu ya Ben, niliwaambia: mkono wa mtu na karatasi nyingi. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi wa katuni hubana kazi kwa kuchora 12 na kuacha kila moja ikae mara mbili. Wakubwa wakatoa kalamu. Kipindi cha dakika 22, kwa picha 12 kila sekunde, ni picha 15,840. Walirudia hesabu mara mbili kwa kutoamini. Yule mdogo, aliyekuwa ametumia alasiri nzima kuchora kijitu kimoja kutua kwa kurasa kumi na kitu, aliziangalia kurasa zake, akaangalia televisheni, akasema, "Hawa watu hawalali?" Taulo lilirudi bafuni. Sina hakika ni hesabu au ni fimbo iliyofanya kazi, maana zote mbili alizijua.

Wasichana wakaanza kudai wa kwao. Gwen wanamkubali, lakini saa haikumfunga yeye. Niliwaonyesha kwenye simu yangu Supa Team 4, katuni iliyobuniwa na Mzambia, Malenga Mulendema, na kutoka Netflix Julai 2023: wasichana wanne wa Lusaka wanaokuwa mashujaa. Walifurahi sana kuona mji wa Kiafrika, na baada ya furaha hiyo wakaniuliza kitu kilichotabirika: wa Dodoma yuko wapi?

Hayupo, kwa hiyo wanamtengeneza. Daftari la pembe zilizochorwa sasa limejaa upande wa mbele pia. Shujaa ni msichana wa miaka 10 wa Nkuhungu. Nguvu ameipata kwenye mbuyu, hilo halina ubishi. Anaweza kuruka na anaweza kugeuza upepo, jambo ambalo kijana wa Bahi alilisisitiza kwa ajili ya mioto ya kiangazi. Siku ya kwanza anakosea, anageuza upepo na kulimwagia vumbi soko zima la Majengo, mpaka wauza zabibu wanafunika matenga kwa kanga. Mama yake anaambiwa jioni hiyohiyo. Bibi ametia sharti lake, kwamba hata akiwa na haraka ya kuokoa mtu, akipita juu ya wazee ashuke kwanza aamkie, na sharti limeandikwa.

Walipokwama ni kwenye Luku. Wameafikiana kwamba nguvu yake lazima iishe, maana isiyoisha haina raha. Lakini yeye anaruka. Ikiisha akiwa juu ya bwawa la Hombolo? Mmoja anataka aanguke bwawani. Mwingine anasema hajui kuogelea, nani Nkuhungu anajua kuogelea? Waliponiletea mimi niliwatuma kwa Bibi, na Bibi hakuacha hata kuchambua mlenda. Alisema ikianza kulia ashuke mapema shambani kwa mtu, aombe radhi kwa kukanyaga mazao, apande gari arudi kwao.

"Nauli je, Bibi?"

Hapo ndipo tulipofikia. Nusu ya sebule inasema konda atamsamehe kwa sababu ni shujaa. Nusu nyingine imewahi kupanda daladala.